Bahari ya Masika

Akurut hakuwa mtu wa safari. Alizaliwa Amagoro, akaolewa Malaba, na kutoka kwao hadi kwa mumewe ni mwendo ambao mwanamke huenda sokoni na kurudi kabla sufuria haijapoa. Safari yake ndefu ilikuwa ile ya kila Krismasi, kwenda kwa mama mkwe wake huko Sigalame, upande wa Funyula. Lakini dunia ilimjia yeye mwenyewe. Kibanda chake cha chakula kilikuwa nyuma ya uwanja ambapo malori husubiri zamu ya kuvuka kuingia Uganda, na madereva waliokalia mabenchi yake walikuwa wametoka Mombasa wakielekea Kampala, Kigali na Juba. Walikula atapa yake, ule ugali wa wimbi na muhogo ambao Wateso hawaachi, kwa samaki wa kukaushwa, huku wakisimulia. Mombasa waliitaja kama mtu anavyotaja mtaa wa pili. Watoto wake watatu, Brigid, Dancan na Tracy, walikua wakiisikia bahari kabla ya kujua ramani ni kitu gani.

Mume wake, Callistus Oduori, alikuwa Msamia mrefu mwenye sauti ya chini. Alifanya kazi kwa kampuni moja ndogo ya kushughulikia mizigo mpakani. Lori likifika, yeye ndiye aliyechukua karatasi za dereva, akazipeleka dirisha hili na lile, akalipa kilichotakiwa kulipwa, akarudi na muhuri. Alivaa shati jeupe kila siku. Madereva walimwita boss, na wakati mwingine, akiwa amepata siku nzuri, alikuja kula kibandani kwa mkewe akalipa kama mteja mwingine yeyote, kwa sababu aliona si heshima kula bure mbele ya watu.

Kisha mambo yakabadilika taratibu, kama maji yanavyopungua kwenye mtungi bila mtu kuyanywa. Karatasi zikahamia kwenye kompyuta. Mizigo ikawa inamalizwa ushuru ingali Mombasa, na lori likifika Malaba halina cha kungoja sana. Mwenye kampuni akabaki na vijana wawili wanaojua kubonyeza, wengine, Callistus akiwemo, akawashukuru wakaenda zao.

Callistus hakusema kitu nyumbani. Kwa majuma kadhaa aliendelea kupiga shati pasi na kutoka asubuhi. Akurut alikuja kuambiwa na dereva aliyedhani yeye tayari anajua, katikati ya kumpimia mchuzi. Alimaliza kumpimia. Usiku ule hakumwuliza mumewe, wala siku iliyofuata. Alimwona akikunja lile shati kwenye kiti kwa uangalifu, akaona kwamba mtu huyu amebakiwa na kitu kimoja tu cha kushika, naye hakutaka kuwa wa kumnyang'anya. Hata siku Callistus aliposema mwenyewe, alisema akiwa amempa mgongo, anafunga kamba ya kiatu. Akurut akajibu, "Sawa, Baba Brigid," na maneno yakaishia hapo.

Tangu siku hiyo hakula tena kibandani. Alijaribu udalali wa mahindi, akajaribu kuwajazia wafanyabiashara wadogo fomu zao, lakini kila mtu aliyetupwa na kompyuta alikuwa amekimbilia kazi hizo hizo. Alianza kukaa nyumbani mchana. Watoto wakirudi kutoka shule wakamkuta, walishusha sauti. Mtu ambaye hakuwahi kumpiga mtoto alianza kuwakemea kwa sababu ya mlango, ya kikombe, ya kiatu. Akurut alirudi jioni akinuka moshi na samaki, akakuta nyumba imenyamaza kama nyumba ya msiba.

Ndiyo maana jioni moja mwezi wa pili, Tracy, kitinda mimba, alipouliza kama bahari ni kubwa kuliko mto Malaba, na Callistus akacheka, wote waliacha kula wakamtazama.

"Ni kubwa," alisema. "Aprili mkifunga shule, tutaenda mtaiona."

Akurut alidhani ni maneno ya kulaza watoto. Lakini kesho yake Callistus aliamka mtu mwingine. Alipiga simu. Alienda kuuliza nauli kwa makarani wa mabasi, akarudi akasimama mlangoni mwa kibanda, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi.

"Watu wanaenda Mombasa Desemba kwa sababu hawafikirii," alimwambia. "Desemba nauli iko juu, chumba iko juu, hata dafu iko juu. Aprili ni mvua, wageni hawako, kila kitu inashuka. Na bahari ni ile ile. Hakuna mtu anakuja kuipunguza."

"Tutalala wapi?"

"Kwa Protus."

Protus alikuwa binamu yake, mtoto wa baba mdogo, aliyekuwa mlinzi wa ploti moja huko Bamburi. Mwenye ploti alikuwa na vyumba vya wafanyakazi nyuma, na kimoja kilikuwa tupu. Protus alikuwa amesema waje, wasilipe kitu, mradi wasipige kelele.

Basi ile safari ikawa kazi ya Callistus. Aliipanga kama alivyokuwa akipanga mizigo ya watu. Watabeba unga wao, maharagwe yao, karanga za kukaanga na samaki wakavu, ili Mombasa wanunue mboga na maji peke yake. Watabeba jiko dogo. Tracy atapakatwa, Dancan na Brigid watabanana kiti kimoja. Nguo za kuogelea hazitanunuliwa. Kaptura na fulana kuukuu zilitosha, maji hayaulizi mtu amevaa nini. Siku ya soko Amagoro alienda mwenyewe kwenye marundo ya mitumba akarudi na kofia tatu za jua, amezichagua moja moja, na alipowavisha watoto alikuwa na uso ambao Akurut alikuwa ameusahau.

Hela yenyewe ilitoka kwa Akurut. Zamu yake ya kupokea hela za chama ilikuwa imefika, na kwa mwaka mzima alikuwa ameiwekea ile zamu nia moja: mabati. Paa la kibanda chake lilikuwa turubai lililochanika, na mvua ikinyesha wateja walihama na sahani zao kwenda kwa jirani, wengine wasirudi. Aliwaza kuhusu mabati usiku mmoja. Asubuhi akamkabidhi Callistus zile hela zikiwa bado kwenye leso. Hakulazimishwa. Baadaye jambo hilo lilimuuma kuliko mengine, kwamba hakulazimishwa.

Walipita Sigalame kumuaga mama yake Callistus, Zilpa. Alikuwa mzee mkavu, mwenye ulimi usiokwenda mafichoni. Aliwasikiliza akichambua mtama, kisha akauliza, "Kwa hivyo mnabeba chakula kutoka hapa, mnapita Nairobi, mnaenda kuangalia maji?"

"Ni bahari, Mama," Callistus alisema.

"Na hii ziwa yetu ya Sio Port ni nini? Si ni maji? Si iko na mchanga? Ningewatuma mkaangalie leo na mrudi kabla jua halijaingia."

Watoto walicheka. Callistus naye akacheka, lakini Akurut aliona alivyomtazama mama yake, akimtazama kwa muda, na alivyoinuka kwenda kukagua paa la jikoni la mama, uzio wa mama, mlango wa mama, akigongagonga misumari iliyolegea. Akurut alijisemea kwamba ni mwanaume aliyepata nguvu tena.

Walifika Mombasa mvua ikinyesha. Miguu ya Akurut ilikuwa imevimba kwa kukaa, na Tracy alikuwa ametapika mara kadhaa. Protus aliwapokea kwa mwavuli mmoja. Chumba kilikuwa kidogo, kikavu, chenye harufu ya rangi ya zamani, na godoro moja ambalo walilalia watoto. Wakubwa walilala kwenye mkeka.

Asubuhi wakashuka ufuoni. Haikuwa bahari ya madereva. Ilikuwa ya kijivu kama anga, haina mwisho wala rangi, na mawimbi yalikuwa yametupa nchi kavu marundo ya mwani wa kahawia uliooza, ambao wenyeji waliuruka bila kuutazama. Wauza vinyago walikuwa wamejikunyata chini ya maturubai. Ngamia mmoja alisimama kwenye manyunyu, mwenyewe hayupo. Akurut alisubiri watoto wavunjike moyo. Hawakuvunjika. Dancan alikimbia na nguo zake zote akaingia hadi magotini, akasimama hapo akapiga kelele bila maneno. Tracy alionja maji akalia, akadai mtu ametia chumvi, kisha akayaonja tena. Hata Brigid, ambaye alikuwa amefika umri wa kuona aibu kwa kila kitu, alivua viatu akatembea peke yake mbali kwenye mchanga ulioloa, mikono imekumbatia kifua, akitazama mbele.

Siku zile Akurut alipumzika kuliko alivyowahi kupumzika tangu aolewe, na hakujua la kufanya na mikono yake. Aliwapikia ugali kwenye jiko dogo, wakala kwa samaki waliosafiri kutoka Busia. Wakishuka ufuoni walibeba mihogo ya kuchemsha na chupa za maji. Hawakupanda boti, hawakupanda ngamia, hawakupigwa picha. Mchuuzi akija, Dancan alikuwa amekwisha kujifunza kusema, "Sisi tunaangalia tu, boss."

Kitu kimoja hakikumkalia sawa Akurut. Kila asubuhi, kabla watoto hawajaamka, Callistus alitoka. Alisema anaenda kununua mkate, au anaenda na Protus kumsalimu mtu wa nyumbani. Alirudi saa sita, saa saba, viatu vimejaa tope. Na alikuwa akitoka na shati jeupe. Akurut hakukumbuka kulifunga shati hilo kwenye mizigo, na yeye ndiye aliyefunga mizigo, na nani hubeba shati la ofisini kwenda baharini?

Siku ya mwisho kabla ya kurudi, mvua ilikatika. Watoto walikuwa wanachimba shimo karibu na maji, linajaa, wanachimba tena. Callistus alikuja akaketi kando yake juu ya kanga. Akurut akageuka kumtazama.

"Mama Brigid," alisema, "tikiti nimekata zenu."

"Zetu."

"Yako na ya watoto. Mimi nimepata kazi. Kuna uwanja wa makonteina huko Changamwe, wanataka mtu wa kuhakiki yanayoingia na yanayotoka. Ni kibarua sasa, lakini wamesema nikionyesha bidii wataniandika. Nitakaa kwa Protus."

Akurut alitazama watoto. Tracy alikuwa ameingia shimoni anaimba.

"Umepata lini?"

"Juzi. Lakini nilikuwa nimeongea nao tangu mwezi wa pili. Walisema hawawezi kuchukua mtu hawajamwona."

Mwezi wa pili. Akurut alirudi nyuma akilini, akaipita safari yote kama mtu anayerudi njiani kutafuta kitu kilichoanguka. Kofia tatu. Simu. Kicheko. Misumari ya Sigalame.

"Kwa hivyo sisi tulikuwa nauli yako," alisema.

"Hapana."

"Ungeniomba tu nauli, Baba Brigid. Mimi ningekupatia. Ya mtu mmoja. Hela nyingi ya mabati yangu ingebaki."

Callistus alichukua mchanga akauacha uteleze kati ya vidole. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya chini mno, ikabidi Akurut ainame kumsikia.

"Ningeondoka nyumbani vipi? Niamke asubuhi na begi, watoto wanaangalia, majirani wanaangalia, huyo ambaye kazi ilimshinda anakimbia? Na wewe ungekataa. Ungesema tuvumilie tu. Nimevumilia mpaka watoto wangu wananiogopa. Nilitaka wakinikumbuka wanikumbuke hapa. Wakiwa wanacheka."

"Wakikukumbuka? Kwani unakufa?"

Akurut alitaka kukasirika, na hasira haikuja. Kilichokuja ni uchovu, ule wa mtu aliyeshushwa mzigo kichwani akagundua shingo haigeuki. Aliona kwamba mumewe anasema kweli. Aliwapenda watoto, alitaka wacheke, alitaka kazi, na vyote hivyo alikuwa amevifunga kifurushi kimoja akambebesha yeye bila kumwambia ndani kuna nini. Angeweza kumsamehe kwa kuondoka. Kwa kumchekea miezi miwili akipanga, hilo hakujua angelifanyia nini.

"Utawaambia wewe," alisema. "Mimi sitawaambia."

Aliwaambia jioni, baada ya chakula, kwa maneno mazuri. Dancan aliuliza kama atakuja na lori la Mombasa siku moja. Tracy aliuliza kama watakuja tena kuogelea, Callistus akasema watakuja. Brigid hakuuliza kitu. Alichukua vyombo akatoka kwenda kuviosha, na hakurudi hadi vilipokauka.

Asubuhi Callistus aliwasindikiza kwenye basi. Alikuwa amevaa shati jeupe, kwa maana kutoka hapo alikuwa anapitiliza kazini. Viti vyao havikubanana tena, maana mizigo ya chakula ilikuwa imekwisha na Tracy alipata nafasi ya baba yake. Akurut hakutazama nje basi lilipoondoka. Walikuwa wamepita Voi, nyika kavu pande zote, wadogo wamelala, ndipo Brigid akasema, akiwa bado anatazama dirishani:

"Mimi nilijua, Mama."

"Ulijua nini?"

"Siku ya kufunga mizigo. Nilimwona akiweka shati na vyeti vyake vya shule chini kabisa ya begi. Akaniona. Akaweka kidole hivi." Aligusa midomo.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekataa twende. Na mimi nilitaka kuiona bahari."

Kisha akaanza kulia, bila sauti, mabega tu yakitikisika, na Akurut akamvuta kichwa akakiweka kifuani. Alimwambia si kosa lake. Alisema hivyo tena na tena hadi mtoto akalala. Lakini ndani yake alihisi baridi kuliko ile ya ufuoni, kwa kuwa neno lile, ungekataa, alikuwa amelisikia kwa watu wawili anaowapikia kila siku, naye hakujua tangu lini yeye ndiye aliyekuwa mtu wa kufichwa. Yeye aliyenyamaza juma baada ya juma ili asimwaibishe mtu. Labda ndivyo nyumba yake ilivyojifunza: kila mmoja anyamaze kwa faida ya mwenzake.

Malaba watu waliuliza habari za Mombasa. Akurut alisema ni kuzuri, maji mengi, watoto wamefurahi. Walipouliza habari za Callistus alisema amepata kazi huko, na walimpongeza. Mvua ya masika ilikuwa haijaisha. Turubai liliachia upande wa barabara, na kila alasiri alisimama akilisukuma kwa mti wa ufagio ili maji yaliyotuama juu yamwagike nje yasiwamwagikie wateja. Wengi walihamia kwa jirani. Hakuwalaumu. Mtu hawezi kula mchuzi unaoongezewa maji ya mvua.

Mwanzoni Callistus alituma hela kwa simu kila mwisho wa juma, na Jumapili alipiga kuzungumza na watoto. Akurut aliwapa simu, akasimama karibu akisikiliza kicheko cha upande wa pili. Kazi ilikuwa nzuri, Callistus alisema. Watu wa ofisini walikuwa watu wazuri. Baadaye hela ikawa ya mwisho wa mwezi, kisha ikawa ya mwezi huu na si ule. Krismasi hakuja. Alisema nauli ya Desemba iko juu sana, afadhali hiyo nauli aitume. Akurut alisema sawa. Callistus alituma nusu yake.

Mwezi wa tatu, Kibet, dereva aliyekuwa akila kwake tangu kibanda kilipokuwa na benchi moja, alimaliza chakula akakaa bila kuinuka.

"Mama Brigid, mzee nilimwona."

"Huko Changamwe?"

"Hapana." Kibet alizungusha kikombe chake. "Bamburi. Nilipeleka simenti kwa ploti moja. Yeye ndiye alinifungulia geti. Na kofia, na rungu. Amekonda kidogo. Alinisalimia vizuri, akaniuliza kama wewe umeweka mabati."

Akurut alipangusa meza ambayo ilikuwa safi. "Na huyo binamu yake, Protus?"

"Alirudi nyumbani Oktoba, alisema. Mzee akashika nafasi yake. Ile kazi ya konteina iliisha mapema tu."

"Asante, Kibet."

"Nisingesema, lakini niliona..."

"Umefanya vizuri kusema," Akurut alimjibu, na ilikuwa kweli. Jumapili Callistus alipopiga, alisema ofisini wana kazi nyingi. Akurut alikaribia kusema, "Najua kuhusu geti." Maneno yalifika hadi kwenye meno. Alimpa Tracy simu.

Zilpa alikufa mwezi wa saba. Alienda kuteka maji, akaanguka, na hakuinuka. Habari ilipomfikia Callistus alilia kwenye simu kama mtoto, na hapakuwa na swali la nauli iko juu au chini. Alifika Sigalame asubuhi ya mazishi, amekaa njiani usiku kucha. Watoto walikuwa wamesimama na watoto wengine kando ya turubai la waombolezaji. Alipowaendea, Dancan alimpa mkono kama anavyomsalimia padri. Tracy alijificha nyuma ya Akurut akachungulia. Kukhu wake, yule bibi aliyempenda, alikuwa kwenye sanduku, na baba yake alikuwa mtu mwembamba mwenye shati ambalo kola yake imeliwa na jasho. Vyote hivyo vilikuwa vingi kwa siku moja.

Brigid ndiye aliyemletea maji ya kunawa. Alishika birika, akamwagia mikononi, na Callistus akasema, "Umekua."

"Ndiyo," Brigid alijibu.

"Bado uko na ile kofia?"

"Ilipotea."

Haikuwa imepotea. Akurut alijua iko wapi. Alitazama maji yakidondoka kwenye beseni, akaona binti yake amejifunza kusema uongo wa heshima, kwa uso uliotulia, kama watu wa nyumba yao.

Baada ya mazishi Callistus alikaa siku chache akigawa vitu vya mama yake na kusikiliza wazee wa ukoo. Usiku alilala upande wake wa mkeka, naye Akurut upande wake. Hapo ndipo Akurut alipomwambia, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba anajua kuhusu geti, na kwamba kazi ya geti si dhambi.

Callistus aligeuka kwenye mkeka.

"Kibet alikuambia."

"Alikuona umekonda. Ndiyo akaniambia."

"Nilitaka kwanza nipate kitu kingine, halafu nikuambie zote mbili pamoja."

"Rudi nyumbani basi. Hata hapa kuna mageti."

"Hapa wananijua," alisema.

Siku ya kuondoka Akurut alimsindikiza hadi Busia, kwenye ofisi ya mabasi. Watoto walibaki Sigalame na shangazi zao. Barabara ilikuwa imejaa wanawake waliobeba ndizi kutoka upande wa Uganda, na waendesha baiskeli za mizigo waliopiga kengele kutaka njia. Callistus alinunua chupa ya maji, akakataa mkate ambao Akurut alimnunulia, kisha akaupokea. Walisimama kivulini wakingoja basi lijae.

"Mwaka ujao Aprili nitawaleta tena," alisema. "Sasa chumba ni changu, hakuna mtu wa kuomba ruhusa. Mtakaa hata wiki mbili. Ukirudi waambie."

Akurut alikuwa anatazama utingo akifunga mizigo juu ya basi. "Usiwatumie hiyo maneno."

"Kwa nini? Ni kweli nitawaleta."

"Tracy atakuamini."

Karani aliita majina. Callistus alichukua begi lake, lile lile, akapanda, na baada ya muda Akurut aliuona mkono wake kwenye dirisha la nyuma, umeinuliwa, haupungi. Yeye aliinua wake. Basi lilikawia kutoka kwa sababu lori lilikuwa limeziba barabara, kwa hivyo walikaa hivyo, mikono juu, muda mrefu kuliko ilivyofaa, hadi wote wawili wakaishusha.

Hakurudi Sigalame siku hiyo. Alipanda gari la Malaba. Kibanda kilikuwa kimefungwa tangu msiba, na mtu alikuwa amempigia kumwambia foleni ya malori imefika mbali, madereva wanauliza chakula. Alipofika aliwasha moto, akabandika maji ya atapa, akaanza kuchambua samaki. Wingu lilikuwa limekusanyika upande wa Tororo. Alitazama turubai, akachukua mti wa ufagio akauweka karibu.